Mama Mwenye Nyumba na Watani Wake

Mwanamke aliyetulisha wakati kiwanda kilipomwachisha kazi baba yetu alikuwa akitutukana kila siku. Alitutukana asubuhi tukipiga mswaki uani, alitutukana mchana tukitoka shule, na jioni alikuja kufunua sufuria letu kwa mkono wake mwenyewe ili apate la kututukania. Mpaka leo nikiketi mbele ya chakula kizuri, matusi yake ndiyo yanayonijia kwanza, naanza kucheka peke yangu mpaka watu wananiuliza kulikoni.

Alikuwa mama mwenye nyumba wetu. Mzaramo, mjane, mwili umejaa, na sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili bila kuinuka kitini. Nyumba yake ilikuwa Temeke, upande wa Mtoni, nyumba ya kawaida ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua ambamo wapangaji wote tulipikia, tulifulia, tuligombana na kupatana. Sisi tulikuwa na chumba kimoja. Humo tulilala baba, mama, mimi niliyekuwa mkubwa, wadogo zangu, na mara kwa mara ndugu wa kijijini aliyekuja mjini kutafuta maisha na akaanza kuyatafuta kwenye sahani yetu. Ndugu hafukuzwi, basi tulisogeana.

Ili matusi yale yaeleweke, lazima kwanza niseme uongo wetu. Sisi ni Wafipa wa Sumbawanga. Anayeijua nchi hii anajua jina hilo lilivyokuwa likichukuliwa mjini. Ukilitaja, mtu alikuwa akitazama juu kuangalia kama kuna wingu, maana eti kwetu watu wanatuma radi kama wengine wanavyotuma salamu. Watu walisema hivyo wakicheka, lakini kicheko hicho hakikumpa baba chumba. Alipokuja Dar es Salaam kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, alizunguka nyumba kadhaa, na kila alipoulizwa kwao ni wapi na akajibu, chumba kilichokuwa kitupu kiligeuka ghafla kuwa cha mpwa wa mwenye nyumba anayetarajiwa kesho. Alipofika kwa yule mama wa Kizaramo alikuwa amechoka miguu na amechoka moyo. Alipoulizwa, alisema, "Tabora. Sisi Wanyamwezi." Tabora aliwahi kufanya kazi kwa muda kabla ya kuja Dar, kwa hiyo hakuusimamisha uongo wake hewani kabisa.

Mama mwenye nyumba alipiga makofi, akasema kwa sauti iliyowatoa wapangaji vyumbani, "Watani zangu! Wapagazi wangu wamerudi! Mizigo mmeitua wapi?" Chumba tulikipata saa ileile.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu ya kutoka bara kuja pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, anaweza kuchukua kitu chako ukimwona na akaondoka nacho, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako. Unachotakiwa kufanya ni kumrudishia, tusi kwa tusi, tena lako liwe kali zaidi. Baba hakulifikiria hilo alipokuwa akitafuta pa kulaza watoto. Na mama yangu, ambaye alikuja nasi baadaye kutoka kijijini, alikuta tayari ameshafanywa Mnyamwezi na ana mtani wa kumkabili kila siku.

Maskini mama. Yeye alilelewa kumwamkia mtu mzima kwa kupiga magoti na kupiga makofi polepole. Kumjibu mwanamke wa umri ule kwa tusi lilikuwa jambo ambalo mdomo wake haukuwa na namna ya kulitoa. Zaidi ya hapo, hakuzijua kanuni za utani wa watu wengine, na aliogopa kwamba akijibu, atajibu vibaya, na mama mwenye nyumba atagundua kwamba hatukuwa wale tuliojisema. Akigundua, chumba kingekwenda. Kwa hiyo kila tusi lilipokuja, mama aliangalia chini na kutabasamu. "Nyie Wanyamwezi, kufua hamjui, mnazilowanisha tu nguo mkazianika!" Mama alitabasamu. "Mtani, huyo mwanao kichwa kama ngoma, mliikosa ngozi ya kuwambia?" Mama alitabasamu, na mwenye kichwa hicho, yaani mimi, nikatabasamu pia.

Miaka ile ya mwanzo hatukuwa na shida ya kusema mbele za watu. Baba alikula mchana kazini. Kiwanda kilikuwa na duka lake, na hata sukari na sabuni zilipoadimika mjini, sisi hatukukosa cha kupeleka nyumbani. Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ya nje ikafunguliwa, na maduka yakafurika. Nakumbuka nilivyosimama Tandika sokoni nikitazama vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu: mikebe ya maziwa, mafuta ya kupikia ya rangi ya dhahabu, mchele wa kutoka nje uliopangwa magunia kwa magunia. Nilifurahi kama mjinga. Nguo za mitumba zilimwagwa chini kwenye maturubai na watu wakaziinamia, na mama alinipatia humo gauni zuri kuliko lolote nililowahi kuvaa. Hatukujua kwamba gauni lile ndilo lililokuwa likimfukuza baba kazini. Kiwanda hakikuweza kushindana na nguo zile. Kwanza wafanyakazi walipewa likizo isiyo na malipo, kisha wakaanza kupunguzwa. Baba alinusurika katika kundi la kwanza, akatusimulia kwa furaha, na kundi la pili likamchukua.

Siku hizi nasikia watu walioshiba wakisema kwamba anayelala na njaa mjini ni mvivu. Wakisema hivyo huwa natamani kuwashika sikio niwapeleke kwenye chumba kile. Baba alitoka kila alfajiri akiwa amevaa ovaroli lake la kiwandani, akaenda Kurasini bandarini kugombea kibarua na wanaume wengine waliovaa maovaroli ya viwanda vingine. Siku nyingine alipata, siku nyingi hakupata. Kazi ilipokwenda ilikwenda na chakula chake cha mchana, ikaenda na lile duka, na bei ya unga ikawa inapanda bila mtu wa kuizuia. Chumba kilikuwa cha kupanga, kwa hiyo hatukuwa na ardhi hata ya tuta moja la mchicha. Kazi pekee ambayo mama aliijua, na aliijua sana, ilikuwa kulima, na angelima wapi, ukumbini? Shule ikaanza kudai michango. Zahanati nayo, tuliyozoea kwenda bure, ikaanza kutaka kitu mkononi, na malaria haikujua kwamba baba hana kazi. Kila moja ya hayo, lingekuja peke yake, tungelimudu. Yalikuja yameshikana mikono.

Uani hakuna siri. Mafiga yetu yalikuwa hatua chache kutoka kwa mafiga ya jirani, na kila mtu alijua mwenzake anapika nini kwa harufu tu. Mama alianza kupika akiwa ameupa ua mgongo. Alitumia sufuria lile kubwa hata kama kilichomo kilikuwa kidogo, na kifuniko hakikuondoka juu yake. Alifanya hivyo kwa ajili ya baba, ili asisemwe.

Basi jioni moja mama mwenye nyumba alikuja kama kawaida yake, akafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na mchicha unaoelea kwenye maji na chumvi. Hakuna kingine. Nilikuwa nimechutama pale nikipepea moto, nikamwona mama akikaza shingo. Nilidhani mambo yetu yamefika mwisho, kwamba sasa ua mzima utatuonea huruma, na ile huruma niliiogopa kuliko njaa.

Mama mwenye nyumba alichungulia kwa muda. Kisha akalipuka.

"Haa! Nyie Wanyamwezi nyie! Hii mboga mnaipika au mnaiogesha? Jamani njooni muone, watani zangu wananitia aibu kwenye nyumba yangu! Kazi yenu kubeba pembe tu, jikoni nani aliwaita?" Akalinyanyua sufuria kwa upindo wa khanga yake, moto hivyohivyo. "Nalichukua. Mie ndo mtani, nani atanizuia?"

Ua mzima ulicheka. Akaondoka nalo hadi jikoni kwake. Mama alibaki amesimama na mwiko mkononi, hajui kama alie au afanye nini. Baada ya muda sufuria lilirudi, na lilirudi zito. Lilikuwa limejaa kisamvu kilichoungwa kwa nazi, vipande vya muhogo laini, na papa mkavu aliyechambuliwa. Akalibwaga mbele yetu.

"Nimekimwaga chakula chako, nimetia takataka zangu. Kaleni mfe!"

Tulikula. Sijui niseme nini kuhusu kisamvu kile, ila kwamba mdogo wangu wa mwisho alilamba kidole kimoja kimoja kisha akaanza kulamba vya kwangu. Na nje, uani, hakuna aliyesema kwamba tumepewa msaada. Walisema bibi kawaonea tena watani zake, na wakaendelea na shughuli zao.

Tangu siku ile ikawa desturi. Si kila siku, maana naye alikuwa na majira yake; chakula chake kilitoka kwenye shamba lake la Kongowe, na kuna miezi ambayo shamba halitoi kitu. Lakini alipokuwa nacho, alikuja na tusi, akanyakua sufuria, akalirudisha limejaa. Mara nyingine hakusubiri hata tuwashe moto. Alipita mlangoni akasema, "Leo nanusa chumba hiki kina njaa ya Kinyamwezi," akatupa furushi la mbaazi ndani na kuondoka akilaani. Nimepokea misaada mingine maishani, na nimetoa pia, na mara nyingi nimeona macho ya anayepokea yakitafuta pa kujificha. Mama yule hakuyapa macho yetu sababu ya kujificha. Namshukuru kwa chakula, lakini kwa hilo namshukuru zaidi.

Mama yangu ndiye hakupata amani. Alikula akijihesabu mkosaji. "Tunakula chakula cha Wanyamwezi," alikuwa akimnong'oneza baba kwa Kifipa.

"Waulize Wanyamwezi kama wamepungukiwa," baba alijibu.

"Siku akijua?"

Wote tulijua jibu lilikuwa nini. Akijua, tungepoteza chumba na sufuria kwa pamoja, na hakukuwa na akiba ya kulipia chumba kingine. Walishalizungumza jambo hilo wakidhani tumelala: wadogo zangu wangepelekwa kijijini, baba angejibana na vibarua wenzake, na mama angefuata watoto. Familia ingegawanyika kama maandazi.

Mimi nilikuwa nimeshagawiwa tayari. Mama mmoja aliyesali nasi alikuwa amepata familia ya Mwenge, mume na mke wote makarani, waliotaka msichana wa kulea mtoto. Nilikuwa darasa la sita na nilipenda shule kupita kiasi, tena nilikuwa mmoja wa wale wanaomkera kila mtu kwa kunyoosha mkono. Baba alinieleza bila kuniangalia. Alisema mdomo mmoja ukipungua, wadogo zangu watapata zaidi, na kwamba kule Mwenge nitakula vizuri. Sikubisha. Ningebisha na nini? Jumatatu yule mama angekuja kunichukua.

Jumamosi iliyotangulia, alasiri, baba yangu mdogo aliwasili kutoka kijijini bila kutoa taarifa. Alikuwa mkulima, mwembamba, mpole, amevaa koti zito la baridi ya kwao katika joto la Temeke. Alipita ukumbini na gunia begani mpaka uani, ambako karibu kila mpangaji alikuwepo. Alipomwona mama, alitua gunia, akapiga goti mbele ya watu wote, akapiga makofi polepole, na kumwamkia kwa Kifipa kwa sauti iliyojaa furaha.

Mpangaji mmoja, mama aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza, alimuuliza kwa upole tu, "Mgeni katokea wapi?"

"Sumbawanga!" alisema baba mdogo. Alilitamka kwa fahari, kama mtu anayetaja mahali pazuri, na kweli ni pazuri. "Nimewaletea ndugu zangu maharage."

Nilisikia mafuta yakichemka kwenye karai. Mama wa maandazi alimtazama mama, akatazama gunia, kisha akatazama mlango wa chumba chake, ambamo binti yake mdogo alikuwa amelala na homa tangu juzi. Niliona kabisa jinsi mambo yalivyoungana kichwani mwake. Aliacha karai motoni, akaenda kumgongea mama mwenye nyumba, na wapangaji wengine wakamfuata.

Mama aliingia chumbani, akaanza kukunja shuka. Hakulia. Alizikunja vizuri, akizilinganisha pembe, huku baba mdogo akisimama mlangoni na kuuliza amekosea nini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Baba alirudi kutoka bandarini na kutukuta hivyo. Alikaa kitandani, akaweka mikono juu ya magoti. Mimi nilikuwa nimezoea wazo la kuondoka peke yangu, lakini kuwaangalia wadogo zangu wakiulizana nani atabeba ndoo kulinishinda. Nilitoka nje nikalie chooni, na hapo ndipo nilipomkuta mama mwenye nyumba amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni, wapangaji wamemzunguka.

"Watoke leo, bibi," mama wa maandazi alikuwa akisema. "Kabla ya magharibi. Mwanangu anaumwa, na hawa wametudanganya wote. Sio Wanyamwezi hawa. Watu wa radi!"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Waite hao wachawi."

Tulitoka wote. Mama alipiga magoti palepale kwenye saruji, akaanza kusema samahani, na mama mwenye nyumba akamkatiza.

"Inuka, utachafua khanga na sabuni huna." Kisha akawageukia wenzake. "Nyie ndo mnaniambia mie habari za watani zangu? Mie Wanyamwezi nimekua nao. Nimewatukana, wamenitukana. Msiba wa mume wangu walikuja kwa utani wakanichania mtandio hapahapa. Sasa huyu," akamwonyesha mama kwa kidevu, "namtukana mwaka wa ngapi huu, kazi kuangalia chini kama bi harusi! Hajanijibu hata neno. Mnyamwezi gani huyo? Mwezi haujaisha nimeshajua sio. Na hayo magoti na makofi, mie nimeolewa na dereva wa malori, kafika mpaka huko Sumbawanga, kalala nyumba za watu, kala, karudi mzima akanisimulia wanavyoamkiana. Radi haijamgusa. Kilichomuua ni presha."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa bado nusu magotini, nusu amesimama.

"Bibi, ulijua?"

"Nilijuaga tu."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama mwenye nyumba alishusha sauti, na sikuwahi kumsikia akiongea hivyo kabla. "Ningesema, mwanangu, ningekuletea chakula kwa jina gani? Sadaka? Ungeipokea?"

Mama alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni na hakuyafuta. Baba aliugeukia ukuta. Nami nililia, sikwenda tena chooni kujificha.

"Basi," alisema mama mwenye nyumba, na sauti yake ya kila siku ikarudi. "Kama sio watani wa babu zangu, watani zangu mie. Nani anabisha? Anayeogopa, mlango ule pale, hajafungiwa. Na we," akamwambia mama wa maandazi, "mpeleke mtoto zahanati, ana malaria huyo. Mbu wa hapa hawatoki Sumbawanga, wanatoka kwenye dimbwi letu hilohilo la nyuma ya choo. Nenda, kama huna kitu njoo nikupe. Hayo maharage yapikwe."

Yalipikwa sufuria kubwa, na maharage hayana haraka. Mama wa maandazi alimbeba binti yake mgongoni akaenda. Wengine walibaki uani, hawakuondoka wala hawakusogea karibu. Walijifanya wana nguo za kuanua. Mama mwenye nyumba alijivutia kigoda karibu na moto wetu, akaanza kumhoji baba mdogo habari za kilimo, wanapanda lini, wanapalilia mara ngapi. Baba mdogo, ambaye hofu ilikuwa imeanza kumtoka, alimweleza kwa urefu.

"Na huyu naye analima hivyo?" aliuliza, akimwonyesha mama.

"Huyu?" alisema baba mdogo. "Kijijini huyu alikuwa anatuacha wanaume katikati ya shamba."

Mama mwenye nyumba alikoroga sufuria ambalo halikuwa lake. Akauliza kwa nini mimi nimevimba macho hivyo, na mdogo wangu, ambaye hakuwahi kutunza neno, akamwambia dada Jumatatu anakwenda Mwenge kufanya kazi za ndani.

"Nani kamruhusu?" aliuliza. Baba alianza kueleza, kwa heshima, habari ya midomo na unga. Hakumwacha amalize. "Mie nina shamba Kongowe. Wanangu hawataki hata kulisikia, wanataka kuuza mitumba. Nusu yake imeota nyasi, mie mgongo hauniruhusu tena. Mtani alime. Tutakachovuna tutagawana. Huyu msichana mwacheni na madaftari yake."

Baba alimtazama mama. Mama alichota mchuzi kwa mwiko. Alikuwa ameinama anaonja chumvi, na sikuweza kuuona uso wake. Nilielewa kwamba kwenda kwangu au kubaki kwangu kulikuwa kunapimwa pale, juu ya moto ule, na kwamba si baba aliyekuwa akipima. Mama alikuwa amechoka kupokea. Shamba la mtu lilikuwa jambo kubwa kuliko kisamvu.

Maharage yaliiva. Mama alisonga ugali, akapakua sahani ya kwanza, na hakuna aliyenyoosha mkono. Hata wale waliokuwa na njaa, na nawajua walikuwa nayo, walitazama sahani kama wanatazama nyoka. Mama mwenye nyumba aliichukua. Alimega ugali, akachovya, akala, wapangaji wote wakimwangalia koo. Akala tonge la pili, na la tatu, mpaka akasahau kwamba anaangaliwa. Akaanza kula kwa kasi. Akaikomba sahani kwa kidole, akaisukuma mbele ya mama.

"Ongeza. Mabaya, lakini ongeza."

Mama alichukua sahani ile. Alijaza. Kisha, akiwa bado ameishika, akainua macho akamtazama yule bibi usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Kula taratibu, Mzaramo," alisema. "Haya maharage, sio nazi. Hayakai juu ya mti yakikungoja uamke. Haya yanalimwa. Jumatatu nionyeshe hilo pori unaloliita shamba, nikakufundishe."

Kisha mama mwenye nyumba aliangua kicheko kilichomwondoa kwenye kigoda. Aliketi chini kwenye saruji, amejishika mbavu, machozi yanamtoka, akipiga sakafu kwa kiganja. "Kanijibu! Jamani, kanijibu! Miaka yote hii!" Wapangaji wakacheka naye, mmoja akasogea na sahani yake, kisha mwingine. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama wa maandazi aliporudi na mtoto aliyepewa dawa, alikuta ua mzima unakula. Yeye hakula siku ile, alikula Jumapili.

Jumatatu mama alikwenda Kongowe na jembe la kuazima. Mimi nilikwenda shule.